Lenzi ya kubana kwa simu, shilingi mia saba: nimeijaribu kwa nondo wa gunia la mahindi

Nilienda duka moja la simu karibu na Markiti, soko letu hapa Mombasa, nikamwambia kijana nataka lenzi ya kupiga picha nondo wadogo kabisa, milimita sita hivi. Kumbe ni mtu wa Tanga, akaniangalia weee. "Dada, nondo uende hadwea, na ya milimita sita haibebi nyumba." Kumbe yeye awaza nondo za chuma za kujengea, mi nasema wale wadudu kama vipepeo. Tulicheka mpaka wateja wakageuka.

Haya, yenyewe ni ya kubana, kibanio kama cha nguo, boksi limeandikwa 15X, yaani ati yakuza mara kumi na tano. Sababu ni gunia la mama la mahindi, kila akifungua vyaruka vidude rangi ya majani makavu, mama asema wadudu tu, lakini mi nlitaka kujua ni yule anayekula ndani ya punje ama yule wa unga anayefunga utando.

Kwa simu tupu nlikuwa napata kidoa. Kwa hii lenzi, mashallah, magamba ya bawa yaonekana yamepangana kama vigae. Tatizo lazima usogee mpaka sentimita mbili, sasa nondo gani atakungoja hapo? Na fokasi ni nyembamba mno, ukilipata jicho bawa lote ukungu, kingo za picha ndo usiseme, zambarau tupu. Kibanio kililegea wiki ya tatu, saa hizi nakaza na rababendi.

Dawa ya nondo asiyetulia: mfunike kwa kikopo, tia friji dakika chache, atoka mpole. Mpige picha juu, ubavuni, usoni, na rula kando. Flashi izibe na tishu, la sivyo magamba yang'ara meupe yote.

Picha nikazitupia iNaturalist, mtandao wa kutambua viumbe kwa picha, ni bure, mashine yake ikapendekeza Sitotroga cerealella, yule wa ndani ya punje, nami nikashangilia mapema, mpaka mtu mmoja akaniandikia kwamba picha ya mgongo peke yake haitoshi, nimwonyeshe bawa la nyuma. Bahati kulikuwa na mmoja amekufa dirishani (hawa ndo wanaotulia kupigwa picha!) nikamfungua pole pole na sindano, na kweli, bawa la nyuma lina ncha imechongoka kama kidole na manyoya marefu pembeni. Ndiye. Yule wa unga, Plodia interpunctella, hata lenzi huhitaji sana, bawa la mbele nusu ya kichwani ni kijivu cheupe, nusu ya nyuma rangi ya shaba. Tulimwaga mahindi uani, punje zina vitundu vya duara kama zimepigwa keekee.

Halafu vile vifuko bapa vya kijivu kwa ukuta wa bafu, kila nyumba Mombasa iko navyo, miaka yote mi nafagia nikidhani vumbi. Nimeweka lenzi, kichwa kikachungulia upande huu, mara upande ule! Ni kiwavi wa nondo, jamii ya Tineidae. Huyo nimeishia kwa jenasi tu, yaani jina la kundi lake dogo si lake mwenyewe, Phereoeca, na wengi wa hawa wadogo ni hivyo hivyo, mpaka apasuliwe viungo vya uzazi viangaliwe kwa darubini, hapo lenzi ya mia saba haifiki.

Nyota tatu na nusu. Kibanio kijaribuni pale pale dukani, msione haya. Jana mama kaja na kidole, kaingiwa na mwiba wa samaki, nikaweka lenzi, tukauona.