Kairopraktiki kwa majeruhi wa michezo Kampala: inafungua kiungo, haishoni kano

Tuanze na ule mlio, maana ndio unaouza. Kairoprakta, yaani mtaalamu anayetibu mgongo na viungo kwa kubonyeza kwa mikono, anapokubonyeza mgongo ukasikia "kwaa!", hakuna mfupa uliorudi mahali pake. Nyuso za kiungo zimeachana ghafla na gesi ikajitokeza ndani ya ute wake, kama unapoalisha vidole. Misuli ya pembeni inaacha kukaza, maumivu yanapungua kwa saa au siku kadhaa. Unacholipia ni hiyo nafasi ya nafuu, na mwanamichezo anayeijua kazi yake anaitumia kufanya mazoezi.

Huduma hii inang'aa zaidi kwenye kifundo cha mguu kilichobaki kigumu. Mchezaji aliteguka uwanjani, wiki kadhaa zimepita, uvimbe umeisha, lakini akichuchumaa kisigino kinanyanyuka. Kipimo chake ni rahisi: weka mguu mbele ya ukuta, peleka goti liguse ukuta bila kisigino kuachana na sakafu, kisha usogeze mguu nyuma kidogo kidogo hadi goti lishindwe kufika. Pima kutoka kidole gumba hadi ukutani. Mguu mzima ukifika sentimita 10 na ulioumia ukaishia 6, hapo kuna kazi. Kairoprakta mzuri hupima, huvuta kifundo kwa mkupuo mmoja mfupi, hupima tena, kisha hukupa zoezi hilohilo la ukutani la kufanya nyumbani. Bila zoezi, sentimita alizokupa hazikai. Asiyepima kabla na baada, usirudi kwake.

Maumivu ya kawaida ya kiuno, yale ya mchezaji wa raga wa Kyadondo aliyelala vibaya baada ya mechi, nayo anayaweza. Hatuoni kwamba anamshinda fizio (mtaalamu wa tiba kwa mazoezi) mzuri, ila hapitwi.

Kwa kano na misuli iliyochanika, weka pesa yako mfukoni. Kano ya kisigino inayowasumbua wakimbiaji wanaopanda vilima vya Kapchorwa hutibiwa kwa mzigo: simama ukingoni mwa ngazi, shusha kisigino polepole mara 15, raundi 3, goti likiwa limenyooka, kisha rudia likiwa limekunjwa. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa wiki 12. Inachosha, lakini hakuna kitanda cha kliniki kinachofanya kazi hiyo kwa niaba yako.

Jeraha bichi lina utaratibu wake. Ukishindwa kutembea hatua nne, au ukibonyeza ukingo wa nyuma wa vifupa vilivyotokeza pande mbili za kifundo, sentimita 6 za mwisho, ukasikia uchungu, eksirei kwanza. Kosa la kupinda kabla ya kuona hufanywa na wabonyezaji wa mjini na abayunzi (waunga mifupa wa jadi) wa kijijini vilevile. Tofauti ni bei tu.

Shingo ndiyo sehemu ya kukataa kwa mdomo mpana. Mishipa ya damu inayopanda kichwani hupita ndani ya pingili zake. Ni nadra, lakini ukuta wa mshipa ukichanika damu huganda na kuleta kiharusi. Aliyegongwa shingo akawa na kizunguzungu au maumivu mapya ya kichwa asiguswe, aende hospitali. Vivyo hivyo mgongo unaouma usiku pamoja na homa na kukonda: huenda ni TB ya mgongo, na hapa Uganda bado tunayo. Ganzi sehemu za siri au mkojo usiozuilika ni dharura ya siku hiyohiyo.

Upande wa malipo, kataa kifurushi cha ziara 24 kinachouzwa siku ya kwanza kwa maelezo kwamba "pingili zimehama". Nadharia hiyo ni ya D. D. Palmer, aliyeanzisha fani hii Davenport, Iowa, mwaka 1895, na imezeeka vibaya. Lipa ziara kwa ziara. Zikifika 6 au wiki 4 bila badiliko unaloweza kulipima, acha. Muulize pia alisomea wapi: Afrika Kusini, kwa mfano, hufundishwa vyuo vikuu vya Johannesburg na Durban hadi shahada ya uzamili. Kukanda misuli ni kazi nyingine.

Usipange ziara ya kwanza siku ya mechi. Mwili unaweza kuuma kama uliobeba magunia kwa saa 24 hadi 48. Maumivu hayo yakizidi siku tatu, au ganzi ikianza kushuka mguuni, tafuta daktari wa mifupa.