Touch: albamu moja tu, na bado sijaichoka

Ukiujua wimbo "Louie Louie" wa bendi ya The Kingsmen, uliorekodiwa Portland, Oregon, mwaka 1963, basi kile kinanda chake cha noti chache zinazojirudia unakijua. Aliyekipiga ni Don Gallucci, wakati huo bado mwanafunzi. Miaka mitano baadaye aliingia studio Los Angeles na bendi yake mpya, Touch, na ukisikia walichorekodi humo utashangaa kwamba ni mtu yuleyule. Albamu ikatoka 1969, ikabeba jina la bendi. Hawakutoa nyingine.

Ni nyimbo saba za roki ya progresivu, yaani roki yenye miundo tata na sehemu nyingi zinazobadilika, na zilirekodiwa kabla King Crimson, bendi ya Uingereza, hawajatoa albamu yao ya kwanza. Wanaodhani muziki huu ni wa Waingereza peke yao waanzie hapa. Kerry Livgren wa bendi ya Kimarekani ya Kansas mwenyewe amewataja Touch miongoni mwa waliomfungua masikio.

Wimbo unaonirudisha kila mara ni "Seventy Five". Unaenda takriban dakika 11. Unaanza polepole, kisha gitaa la Joey Newman linashika usukani na kukaa nao muda mrefu bila kuchosha, huku Gallucci akijaza nafasi yote kwa kinanda. Halafu Jeff Hawks anapandisha sauti. Anapanda, unadhani amefika mwisho, anapanda tena. Hapo mwili wangu husisimka hata leo, ingawa najua kabisa kinachokuja.

"The Spiritual Death of Howard Greer" nao ni mrefu, hadithi ya mtu ambaye roho yake inakufa yeye angali hai. Usikilize ukiwa umetulia, si ukiwa barabarani. "Alesha and Others" ni mfupi na mpole, naupenda sana. "Miss Teach" kwangu ndio dhaifu, ungeweza kuachwa.

Kilichoizamisha albamu, kwa maoni yangu, ni uamuzi wa bendi kutozunguka na kupiga majukwaani. Walikuwa wamerundika sauti juu ya sauti studio, kiasi kwamba kwa vyombo vya wakati ule wasingeweza kuzitoa zote mbele ya watu. Nawaelewa, lakini inaniuma, maana bila maonyesho nani angewajua? Na tazama: mwaka 1970 Gallucci huyohuyo akawa prodyuza wa "Fun House", albamu ya bendi ya The Stooges, akawarekodi wakipiga wote kwa pamoja, kama walivyokuwa jukwaani. Nahisi alijua fika alichokikosa.

Nyota tano, pamoja na "Miss Teach". Imetolewa upya kwenye CD, kwa hiyo huhitaji kuhangaika na sahani ya zamani ya santuri. Tumia spika nzuri au hedifoni. Kwenye spika ya simu besi ya Bruce Hauser haisikiki kabisa, na bila hiyo besi "We Feel Fine" unapoteza nusu ya uzito wake.