Adapta ya elfu 45 na hadi diski ya bi mkubwa

Wadau mambo vipi, karibuni tena. Leo nna hiki kidude, ngoja nikisogeze kwenye kamera, hii ni adapta ya SATA, yani plagi ya hadi diski, kwenda USB, huku unachomeka hadi diski, huku unaingia kwenye laptopu, na pembeni hapa kuna tundu la chaji. Hilo tundu ndo limenifanya nirekodi hii video.

Iko hivi. Kompyuta ya mezani ya bi mkubwa, kule Tabata, ilianza kuchelewa kuwaka, mara dakika kumi, mara inaganda kwenye nembo ya Windows, afu ukitega sikio unasikia ndani tk... tk... tk, kama mtu anagonga kucha mezani. Fundi mmoja wa pale mtaani akasema piga chkdsk, ile komandi ya Windows ya kukagua diski, ikigoma piga fomati. Nikamwambia hapana kaka, humo kuna picha za sendoff ya dada na za marehemu babu, na bakapu hakuna. Chkdsk inapanga mafaili, haitibu diski, na mgonjwa ukimkimbiza hivo unaweza ukammalizia kabisa. Kopi kwanza.

Nikafungua CrystalDiskInfo, programu ya kucheki afya ya diski, njano, Caution, yani tahadhari. Cheki huu mstari wa C5, hizo ni sekta, yani vipande vidogo vya diski, ambazo imeshindwa kuzisoma, imeandika 1A8. Hapa wengi wanapotea, hiyo ni heksa, namba za kuhesabu kwa kumi na sita, ukiigeuza kwa hesabu ya kawaida ni 424. Na jana yake ilikuwa chini ya hapo. Ikianza kupanda hivo unazima kompyuta, hukai kuangalia muvi.

Sa kosa langu. Nimeenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, nikachukua waya mwembamba wa elfu 15 usio na chaji, nafika nyumbani nachomeka, kimya. Kumbe ule ni wa diski ndogo za laptopu, inchi 2.5, zinatosheka na volti 5 za USB. Hizi za inchi 3.5 zinataka volti 12 za kuzungusha mota na USB haitoi hiyo. Nikapanda daladala tena, jua la saa nane, nikarudi na hiki cha elfu 45 chenye chaji ya volti 12. Ikazunguka.

Laptopu nikaiwasha kwa Linux ya kwenye flashi, maana Windows ikiona diski inaanza kuipekua yenyewe, nikatumia ddrescue, programu ya kukopi diski mbovu, ni ya bure. Yenyewe inabeba kwanza sehemu nzima, zilizooza inaziruka. Komandi ni hii:

ddrescue -d -n /dev/sdb diski.img ramani.map

Hapo sdb ni diski, diski.img ndo kopi, na -n inaiambia isihangaike kwanza na zilizooza. Kabla ya enta piga lsblk, inakuorodheshea diski zote, uhakikishe sdb ndo ile mbovu. Narudia, hakikisha. Na hiyo ramani msiiache, ndo inakumbuka ulipofika, mi imefika kama asilimia 80 LUKU ikaisha! Saa sita usiku, yuniti sifuri, adapta imezima, laptopu iko kwenye betri inanitolea macho. Nikanunua umeme kwa simu, nikaingiza tokeni, nikarudia komandi ileile na ikaendelea palepale, ila diski ilirudi kwa jina la sdc, kwa hiyo lsblk tena, na kwenye komandi sdb nikaibadilisha iwe sdc. Baadae nikatoa -n nikaweka -r3, irudie zile mbovu mara tatu.

Imetoka asilimia 99.97 ya GB 500. Msishangilie sana, iliyobaki ni kama MB 150. Kwenye video ya sendoff dada anaingia ukumbini anacheza, picha inaganda, ikirudi keshakaa na keki imeshakatwa.

Adapta yenyewe sasa. Plastiki laini, inapata moto, ina taa ya bluu inayokera usiku, na yangu haipitishi taarifa za SMART, yani zile za afya ya diski kama ule mstari wa C5, so zisome kabla hujachomoa diski kwenye kompyuta. Kama una kompyuta ya mezani nyingine nzima yenye tundu la SATA wazi, usinunue, chomeka humo moja kwa moja, ni bora zaidi. Na kama diski haizunguki kabisa hiki hakikusaidii, na usiifungue sebuleni, vumbi kidogo tu humo ndani basi tena.

Kompyuta saivi ina SSD mpya, diski isiyo na mota, Windows mpya, inawaka fasta. Ile diski mbovu iko kabatini ndani ya soksi, bi mkubwa kakataa isitupwe, anasema picha za baba yake bado zimo humo.