Mafunzo rejea ya uokoaji hapa Moshi: uzoefu wangu kama trafiki

Nimemaliza mafunzo rejea ya huduma ya kwanza na uokoaji barabarani, na nayapendekeza kwa askari yeyote wa doria, hata mwenye cheti tayari. Barabara ya Moshi kwenda Arusha inatufundisha wenyewe: ajali ikitokea, trafiki anafika mara nyingi kabla ya gari la wagonjwa, na anakuta wasamaria wema wameshaanza kumvuta majeruhi kwa mikono na miguu wampakie kwenye pikapu.

Darasani tulikaa kidogo. Muda mwingi tulikuwa chini, magoti kwenye sakafu, tukikandamiza vifua vya midoli yenye taa. Taa inawaka ukibonyeza sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kukiachia kifua kiinuke kikamilifu kabla ya kubonyeza tena. Hapo kwenye kuachia ndipo watu wanapokwama. Wenzangu wenye miili ya mazoezi waliwasha taa vizuri mwanzoni, ila kabla dakika ya pili haijaisha viwiko vimeshakunjika na taa imezima. Mkufunzi anainama pembeni: "Afande, achia. Moyo ujae damu kwanza." Ndiyo maana mnatakiwa kupokezana kila dakika 2, hata kama hujahisi kuchoka.

Zoezi la hiace iliyopinduka ndilo lililonishika zaidi. Waigizaji wanapiga kelele, na wote tukakimbilia kelele. Mkufunzi akatusimamisha: anayelia ana pumzi. Kijana aliyekaa kimya kwenye siti ya nyuma, paja linavuja damu, ndiye alistahili kadi nyekundu, ya anayehudumiwa kwanza. Tukafundishwa kufunga mkanda wa kubana damu sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, usikae juu ya goti wala kiwiko, kukaza mpaka damu isimame ingawa majeruhi atapiga yowe, kisha kuandika saa uliyofunga. Fomu ya PF3, ile ya polisi ya majeruhi, inaweza kusubiri. Damu ya namna hiyo haisubiri.

Sikuridhika na somo la malori ya mafuta. Lilipewa mchana mmoja tu, wakati malori yanayopita Himo kwenda na kutoka Holili, mpakani na Kenya, tunayaona kila siku. Tulijifunza kusoma kibao cha rangi ya chungwa kwenye lori, chenye namba ya mzigo (1203 ni petroli), kuegesha upande upepo unakotokea na kuwarudisha watu nyuma kabla ya jambo lolote. Baada ya Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, ambako zaidi ya watu 100 walikufa kwa moto wa lori lililokuwa likichotwa mafuta, somo hili lilistahili siku nzima na zoezi la kuzuia umati. Umati wetu ulikuwa wanafunzi wenzetu, wakiambiwa warudi wanarudi.

Glavu pia ziliisha kabla ya mazoezi, na hakukuwa na zoezi hata moja la usiku.

Cheti kinadumu miaka 2, lakini ustadi wa kukandamiza kifua huanza kupungua ndani ya miezi michache. Nimewaomba waandaaji watufungulie chumba cha midoli nusu siku kila robo mwaka. Wakikubali, ada yake nitalipa mwenyewe kama nilivyolipa hii.