Wet 'n' Wild Kunduchi: siku mama yangu alipoingia majini

Tulipokata kona Mtongani kuelekea baharini, kwenye bustani ya michezo ya maji ya Wet 'n' Wild, mama yangu akauliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo moyoni: "Tunalipia maji, na bahari ile pale ya Mungu?" Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, watoto wetu wa miaka 9 na 4, na bibi yao, mwenye miaka 63. Mzaliwa wa Dar es Salaam huyo, lakini tangu azaliwe maji hayajawahi kumvuka magoti.

Jibu lilipatikana kabla ya saa sita. Pwani ya Kunduchi maji hupwa yakaenda mbali, kisha hurudi. Alipocheza mtoto asubuhi, mchana hafikii chini. Bwawani kina hakibadiliki, na kwa mama mwenye mtoto wa miaka 4 hilo pekee nalilipia.

Nilikaa na huyu mdogo humo humo majini, si kwenye kiti cha pembeni. Mwaka jana, kwenye bwawa jingine kabisa, alizama hatua tatu kutoka nilipokaa. Hakupiga kelele, hakutapatapa. Nilimwona kwa sababu tu niligeuka kuchukua taulo, na mwokoaji hakuwepo. Tangu siku hiyo siyaamini maboya ya mikononi, maana yanachomoka. Hata penye waokoaji, mwanangu hakai mbali na mkono wangu.

Mkubwa na baba yake waliishia kwenye slaidi ndefu. Walipanda zile ngazi mpaka nikaacha kuhesabu.

Lakini siku ile ilikuwa ya mama. Nilikuwa nimemnunulia Kariakoo nguo ya kuogelea ya stara, inayofunika mpaka kichwa, akaiweka mkobani bila kusema neno. (Khanga na jinzi ziacheni nyumbani: zinanyonya maji, zinakuwa nzito, na kwenye slaidi zinakwama.) Mjukuu akamwita, "Bibi, njoo!" Akaingia taratibu, ameshika ukingo. Maji yakamfika kiunoni. Akasimama kimya kidogo, kisha akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu baba afariki. Saa tisa nikamkuta anateremka slaidi ndogo na mjukuu mapajani!

Nendeni mapema, na kama mnapenda nafasi, epukeni sikukuu. Bebeni kandambili, sakafu ya mchana inaunguza nyayo. Na tafadhali, ogeni kabla ya kuingia bwawani, wapelekeni watoto chooni. Ile harufu kali inayowasha macho wengi hudhani ni klorini imezidi, kumbe hutokea klorini inapokutana na jasho na mkojo wetu.

Mama alikuwa wa mwisho kutoka. Ndani ya gari, taulo kichwani, akaniuliza kama Dar kuna mahali wanawafundisha watu wazima kuogelea.