Diski ya kuhifadhia nakala: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukipita Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, hukosi kuona flashi iliyoandikwa 2TB ikiuzwa kwa bei ya sahani ya biriani. Ipite tu, nitaeleza kwa nini. Hapa nampangia vifaa mtu mwenye picha za familia, kazi za ofisi au hesabu za duka ambazo hataki zipotee.

1. Diski ngumu ya nje, ya kawaida, 1TB au 2TB. Kwa kasi imeshapitwa, lakini kwa pesa hiyo hiyo hakuna kinachokupa nafasi kubwa zaidi. Pesa ya SSD (diski ya chipu tupu, namba 2 hapa chini) moja nzuri mara nyingi inatosha diski mbili za namna hii, na mbili zikikaa nyumba mbili tofauti zinakulinda kuliko moja ya kifahari inayolala kwenye begi la laptopu. Mwizi hubeba begi zima.

Watengenezaji wa diski ngumu waliobaki duniani ni watatu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Ukikuta jina jingine kwenye kava, ndani mna diski ya mmoja wao, kwa hiyo usikubali kulipia jina. Chagua yenye USB 3.0, kwani 2.0 inaishia megabiti 480 kwa sekunde na 3.0 inafika gigabiti 5. Windows ikikuonyesha 931GB kwenye diski ya 1TB, hujaibiwa: kiwandani wanahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. Adui yake mkubwa ni kuanguka. Ikidondoka huku inazunguka, kichwa cha kusomea hugonga sahani ya ndani inayobeba data, na hapo fundi wa mtaani hana la kukusaidia.

2. SSD ya nje. Inamfaa mpiga picha, mhariri wa video na yeyote anayeshinda kwenye bodaboda na kazi zake mgongoni. Haina kinachozunguka ndani, na inanakili kwa dakika kile ambacho diski ngumu ingekihangaikia kwa saa. Lakini si ya kufungia kabatini miaka na miaka bila kuichomeka, kwa sababu data yake ni chaji ya umeme, na chaji huvuja polepole. Pia hufa ghafla, bila ile milio ya kukwaruza ambayo diski ngumu hukuonya nayo.

3. Hifadhi ya mtandaoni. Google wanatoa 15GB bure, ila barua pepe, mafaili na picha zote zinagawana humo. Kwa vyeti, hati ya kiwanja na kitambulisho inatosha sana, na nyumba ikiungua vitu vyako vipo. Kwa video za harusi, bando litakumaliza. Kumbuka pia kuwa picha ukiifuta kwenye simu iliyounganishwa, na kule inafutika. Isipokuwa ukiwahi kuirudisha kutoka kwenye pipa la taka.

4. Flashi. Ya kubebea kazi hadi stesheneri, basi. Ile ya 2TB ya bei ya biriani ni hivi: ndani mna chipu ndogo, tuseme ya 32GB, iliyochezewa ili iidanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake. Unanakili, majina ya mafaili yanaonekana yote, unafurahi. Zikishapita zile 32GB, kinachofuata kinatupwa au kinaandikwa juu ya vya zamani. Siku ukifungua picha unakuta nusu ni kijivu.

5. Memori kadi. Iache kwenye kamera.

Chochote utakachonunua, kijaze kabla hujakiamini. H2testw ni programu ya bure ya Windows inayoandika hadi nafasi iishe, kisha inasoma kila ilichoandika. Kwenye Linux na Mac ipo F3. Diski ngumu ya 1TB inaweza kuchukua saa tatu kuandikwa na nyingine tatu kusomwa, kwa hiyo huwezi kufanya hivyo pale kaunta. Mwambie muuzaji aandike kwenye risiti kwamba ikifeli unarudisha. Akianza kuzungukazunguka, nenda duka la pili.

Ya mtumba? Ichomeke na ufungue CrystalDiskInfo, programu ya Windows inayoonyesha afya ya diski. Angalia saa ilizokwisha kufanya kazi na hali iliyoandikwa. Ikionyesha njano, usibishane bei.

Ukishaipata, ifunge kwa nywila kwa kutumia BitLocker, iliyomo ndani ya Windows, kama Windows yako ni ya Pro, la sivyo VeraCrypt, ambayo ni bure. Nywila iandike karatasini na uitunze mbali na diski, maana ukiisahau hakuna wa kuifungua. Na ile ya zamani unayotaka kuuza, kufuta mafaili hakutoshi. Anayeinunua akiwa na PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa ambayo pia ni bure, anaweza kuzirudisha picha zako jioni hiyo hiyo. Ifomati kwa kuondoa alama kwenye “Quick Format” ili Windows iandike sifuri diski nzima, ndipo uitangaze.