Maji ya AC yanalowesha kapeti la gari? Nimejaribu kikamera cha waya, tuongee ukweli

Oya wadau, karibuni tena. Leo nina hiki kidude hapa, mnakiona? Waya mrefu, kichwani kina kamera ndogo imezungukwa na vitaa, unachomeka kwenye simu unaona kule jicho halifiki. Nimekichukua Kariakoo kwa 35,000. Muuzaji alinisifia kwamba ni cha kuchungulia mabomba, ila mimi nilikitaka kwa ajili ya hii IST yangu, maana kapeti upande wa abiria lilikuwa linalowa mpaka mke wangu akipanda anavua viatu kama anaingia msikitini.

Fundi wa kwanza akaniambia gesi ya AC inavuja, lete hela tujaze. Jamani, gesi ikivuja inapotelea hewani, hailoweshi kapeti! Yale maji yanatoka kwenye hewa yetu hii ya Dar yenye unyevunyevu, ikipita kwenye evaporeta, ile sehemu ya AC inayopoza hewa ndani ya dashibodi, inatoa jasho kama chupa ya soda umeitoa friji sasa hivi, halafu hilo jasho linatakiwa lishuke kwenye trei litoke nje kwa kampira kadogo chini ya gari. Kwa hiyo ukipaki na AC inawaka ukaona matone chini ya gari usipaniki, hapo mambo yako safi. Shida ni chini pakavu halafu ndani panachuruzika.

Kabla hujatoa hela yako kununua hiki kidude, chukua tishu nyeupe, ikandamize kwenye kapeti. Ikitoka na rangi, pinki au kijani, inateleza, ina harufu kama ya kitu kitamu, hiyo ni kulanti, yale maji ya kupoza injini, kacheki ile rejeta ndogo ya hita na usiendelee kutembelea gari hivyo hivyo, injini itachemka. Ikitoka maji meupe basi ni AC au mvua. Mimi nilizima AC siku 2, mvua hakuna, gari sijaosha, kapeti likaanza kukauka. Siku ya 3 nikawasha dakika 20 nimepaki tu, nainama chini, pakavu kabisa, napapasa kapeti, chepechepe. Kesi imeisha hapo, na kamera bado iko kwenye boksi lake.

Haya, sasa ndo kidude kikaingia kazini. Nikapiga jeki, nikaweka na stendi (usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, nakuomba), nikakatafuta kale kampira upande wa abiria, kwenye ule ukuta unaotenga injini na kabini. Hiki changu kichwa ni milimita 8, kikagoma kuingia, kwa hiyo ukinunua tafuta cha 5.5. Na picha ukisogea karibu sana inakuwa ukungu mtupu. Ila pale mdomoni niliona vizuri, udongo umekauka umeziba kabisa, nyumba ya nyigu! Gari lilikaa mwezi mzima bila kutembea nilipoenda nyumbani, wenzangu wakajenga. Nikachokonoa taratibu na waya mwembamba, maji yakafunguka yote usoni kwangu, ya baridi hayo, na vitope.

Usipige upepo wa kompresa humo kwa nguvu, ule mpira ukichomoka kwa juu maji yatakuwa yanamwagika ndani kila siku na hapo ndo utamtafuta fundi kweli.

Kwa hiyo kwa kampira tu, 35,000 nimepigwa, tochi ya simu ingetosha. Ila nikafungua ile droo ya dashibodi, nichungulie sehemu ya filta ya AC, aisee, filta haipo! Nyumba tupu! Sijui iliondoka lini na nani, nikapitisha kikamera pale na hapo ndo kikanilipa, evaporeta nzima imeota manyoya kama blanketi, vumbi, nywele, vijani vya mti, na hayo yote yakishuka yanaenda kwenye trei ile ile. Bila kamera ningejua nimemaliza kazi kumbe baada ya wiki 2 imeziba tena.

Simu yangu ya Android imekikubali baada ya kuweka programu yake, ina matangazo mpaka kero. Iphone ya shemeji yangu ilikikataa, muulize muuzaji kabla hujalipa. Kama una gareji au magari zaidi ya moja nunua, kama una kagari kamoja azima.

Halafu kapeti msilianike juu juu. Chini yake kuna sponji nene, hili hapa, nimelianika leo siku ya 3 na jua lote hili, angalia nikilikamua… bado linatoa maji.